Picha Bila Jina ni Nusu ya Picha

Nimezitazama picha zilizopigwa mwezi wa Julai 1940 katika kijiji cha Chamisal, milimani New Mexico, Marekani. Mpigaji ni Russell Lee, aliyeajiriwa na serikali ya huko kuonyesha maisha ya watu wa mashamba. Katika mojawapo, wanawake wa asili ya Kihispania wanaikandika nyumba kwa udongo, kazi waliyoirudia kila mwaka.

Matofali ya nyumba hizo wao huyaita adobe. Mimi niliyekalia jamvi la chuoni sikuhitaji mfasiri: asili yake ni Kiarabu, at-tub. Na mifereji yao ya kumwagilia mashamba, acequia, ni as-saqiya. Wahispania waliyapata maneno hayo kwa Waislamu wa Andalusia, wakavuka nayo bahari. Lugha, basi, haikusahau. Je, picha?

Picha imehifadhi nyumba, kazi na nyuso. Lakini maelezo yaliyoandikwa chini yake yanatwambia kabila la wanawake wale, wala si majina yao. Nao walikuwa mama za watu! Mwenzake, John Collier Mdogo, alipokwenda kijiji cha Trampas, Januari 1943, alipiga picha za nyumba moja na akaliandika jina la mwenyeji wake. Leo mjukuu aweza kuinyoshea kidole akasema: huyu ndiye babu.

Yuko atakayesema kwamba lililotakiwa ni kuonyesha desturi, si mtu. Sikubaliani naye. Desturi haina mikono; mikono ni ya mtu, na mtu ana jina alilopewa na wazee wake.

Wala tusiwacheke wa mbali. Nyumbani kwangu ipo picha ya maulidi, wamo watu kumi na mmoja. Niwajuao ni wanne. Aliyewajua wote ni marehemu shangazi yangu, na miaka yote aliyokuwa hai sikumuuliza. Kosa hilo ni langu.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ndugu msomaji, leo baada ya Isha, zitoe picha zako, hata zile za simuni. Kaa na bibi au babu, uliza, kisha uandike: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu haina gharama kubwa. Bibi akishaondoka, hakuna wa kuulizwa.