Ndoa Zinazopigwa Kalenda

Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema miezi 6. Haikuandika "takriban", wala haikuongeza "kama ofisi haijaelemewa". Ibara ya 10 ya Agizo namba 2004/38 inataka mke au mume wa raia wa Ulaya, hata awe ametoka Tanga, Bukavu au Gitega, apewe kadi ya ukaazi ndani ya miezi 6 tangu siku alipoiomba katika nchi ambayo mwenzake amehamia. Agizo hilo lilipitishwa Aprili 2004. Nchi wanachama zilipewa mpaka tarehe 30 Aprili 2006 kuliingiza katika sheria zao. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamekwisha kuwa watu wazima, na bado kuna wanandoa wanaopokea barua ileile: faili lako linashughulikiwa, tafadhali endelea kusubiri.

Nasema wazi kwamba huku ni kunyima haki, na jina la kuchelewa limewekwa tu ili kupoza maneno. Ofisi ikikataa ombi, inapaswa kutoa sababu kwa maandishi, na sababu ikiandikwa inaweza kupelekwa mahakamani ikavunjwa. Ofisi ikinyamaza, mwombaji hana hata karatasi ya kukatia rufaa. Anapiga simu, anaambiwa asubiri. Anakwenda dirishani, anaambiwa mfumo hauonyeshi kitu. Anapigwa kalenda mpaka akate tamaa, au ndoa ivunjike, au mwenzake akubali kurudi kwao. Kukataa kwa saini kuna gharama kwa serikali. Kimya ni cha bure, ndiyo maana kinatumika.

Tuelewane kuhusu kinachodaiwa hapa. Hakuna anayeomba huruma. Haki hii ni ya raia wa Ulaya mwenyewe, aliyeahidiwa kwamba anaweza kuhama, kufanya kazi na kuishi katika nchi yoyote ya Umoja, na kwamba hatalazimika kuiacha familia yake mpakani. Ibara ya 5 inataka viza ya mwenzi itolewe bure na kwa utaratibu wa haraka. Mwaka 2009 Kamisheni ya Ulaya ilitoa mwongozo kwamba kumchelewesha mwenzi huyo kwa zaidi ya wiki 4 hakukubaliki. Sasa muulize mtu aliyepita kwenye dirisha la viza Nairobi au Dar es Salaam akiwa na cheti chake cha ndoa, kimethibitishwa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kikagongwa mihuri wizarani. Ataulizwa taarifa ya benki, nafasi aliyoweka hotelini, bima ya safari, barua ya mwajiri. Hayo ni masharti ya mtalii. Mke anayemfuata mumewe hapaswi kuulizwa hata moja kati ya hayo.

Akishafika na kuomba kadi, anapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ameomba. Nimewahi kuishika mkononi. Ni ukurasa mmoja wa A4, nembo ya serikali juu, jina, namba ya faili, tarehe, na mstari mmoja unaosema maombi yamepokelewa. Haina picha. Muhuri wake ulikuwa umepauka upande mmoja, ungedhani umechorwa kwa mkono. Mwenye karatasi hiyo ni dada wa Tanga, muuguzi mwenye cheti na uzoefu wa wodini, ameolewa na Mreno ambaye kazi ilimpeleka nchi nyingine ya Ulaya. Sheria inampa haki ya kuajiriwa, na ibara ya 25 inasema kabisa kwamba haki hiyo haitegemei kuwa na kadi mkononi. Alipokwenda kuomba kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke wa ofisi ya ajira aliigeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele akitafuta picha, akamrudishia. Njoo ukipata kadi. Simlaumu yule mwanamke. Mwajiri akikutwa na mfanyakazi asiye na kibali anapigwa faini, na nani atahatarisha kazi yake kwa ajili ya ukurasa wa A4?

Mama yake dada huyu akafariki Tanga. Dada alikuwa kwenye mwezi wa kumi na moja wa kusubiri. Karatasi ile haimrudishi mtu Ulaya. Kinachomwondolea mwenzi viza ni kadi. Angepanda ndege kwenda msibani, angeanza upya na foleni ya viza Dar es Salaam, na mtoto wake mchanga amebaki Ulaya kwa baba, na hakuna ofisa aliyekuwa tayari kumwambia angerudi lini. Hakwenda. Alifuatilia kila kitu kwa simu, mdogo wake ameinyanyua juu ya watu uani, sauti inakatika. Ofisi iliyovunja sheria kwa miezi mitano haikulipa hata senti, haikuandika hata samahani. Lakini yeye angechelewa kuomba kadi, sheria hiyohiyo inaruhusu atozwe faini.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwanamke yeyote wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, anajua kwamba marejesho yasiyo na faini ya kuchelewa hayarudi kwa wakati, ndiyo maana kikundi kinapanga faini siku ya kwanza kabla hakijamkopesha mtu. Ulaya imewapangia wanandoa faini na kuisahau serikali.

Wanasheria watanijibu kwamba mahakama ilishazungumza. Naam, ilizungumza, na nimeisoma. Tarehe 27 Juni 2018, katika kesi ya Diallo dhidi ya Ubelgiji, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ndani ya miezi 6 uamuzi lazima uwe umetolewa na mwombaji awe amefahamishwa. Ikaongeza kwamba ofisi ambayo uamuzi wake umefutwa na jaji haianzi tu kuhesabu miezi mingine 6 upya. Mpaka hapo, safi. Kisha ikasema kwamba muda ukipita bila jibu, mwombaji hapati kadi moja kwa moja, kwa sababu kadi haileti haki, inaishuhudia tu haki ambayo tayari ipo kwa aliyetimiza masharti. Naikubali hoja hiyo. Lakini kama haki ipo tangu mwanzo na kadi ni shahidi tu, kwa nini mwenye haki anaishi kama asiye nayo mpaka shahidi apatikane? Kwa nini asifanye kazi, asikodi nyumba kwa jina lake, asifungue akaunti, asimzike mama yake? Kanuni iliyowekwa ili haki yake isitegemee urasimu imegeuzwa kuwa sababu ya kumwacha mikononi mwa urasimu huohuo. Majaji walisimama hatua moja kabla ya mlango.

Na tusidanganywe kwamba nchi hizi zilikosa maelezo. Mwaka 2002, katika kesi ya MRAX, mahakama ileile iliiambia Ubelgiji kwamba haiwezi kumnyima mwenzi kibali kwa sababu tu viza yake imeisha muda. Ireland ikaweka sharti lake: mwenzi asiye raia wa Ulaya awe kwanza ameishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja. Wanaume wanne wa Kiafrika na wake zao wakaenda mahakamani, kesi ikabeba jina la mmoja wao, Metock, Mkameruni. Hukumu ya tarehe 25 Julai 2008 ililitupa sharti hilo. Kabla haijatoka, mmoja wa wale wanne alikuwa amekwisha kukamatwa na kurudishwa Nigeria, akimwacha mke wake. Desemba ya mwaka huohuo Kamisheni ikachapisha ripoti iliyokiri kwamba hakuna nchi hata moja iliyokuwa imeliingiza Agizo hilo katika sheria zake kikamilifu na ipasavyo. Hata moja!

Hoja ya ndoa bandia naijua, na naichukia inavyotumika. Ndoa za kununua makaratasi zipo. Mwenye macho hawezi kukana. Ibara ya 35 inazipa serikali mamlaka ya kumnyima au kumfutia haki aliyedanganya, baada ya kuchunguza kesi yake yeye. Miezi 6 ndiyo muda wa uchunguzi huo: waiteni wote wawili, waulizeni, nendeni nyumbani kwao kama mna shaka. Kinachofanyika ni faili kulala kabatini bila kuguswa, na faili lililolala halimkamati tapeli. Tapeli anaweza kusubiri, hana kinachomuuma. Anayeumia ni mwenye ndoa ya kweli, mwenye mtoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa.

Wengine watasema mafaili ni mengi. Ni kweli kwamba Ureno ilipovunja idara yake ya uhamiaji na kuanzisha AIMA, Oktoba 2023, chombo kipya kilirithi mamia ya maelfu ya mafaili ya wageni wa kila aina. Uhispania nako miadi ya ofisini imekuwa adimu kiasi kwamba wapo wanaoinyakua mtandaoni na kuiuza, na polisi wamewakamata baadhi yao. Lakini mlima wa mafaili hujengwa na bajeti. Serikali inayopata watu na mitambo ya kukagua pasipoti usiku na mchana viwanja vya ndege inaweza kupata makarani wa kufungua bahasha.

Kisha kuna ubaguzi unaowashangaza hata Wazungu wenyewe. Mjerumani wa Köln akioa Mombasa na kutaka kumpeleka mke kwao, sheria ya Ujerumani inamtaka mke huyo, tangu mwaka 2007, afaulu kwanza mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, isipokuwa akiingia katika misamaha michache. Mreno anayefanya kazi Köln hiyohiyo akioa nyumba ya pili mtaa uleule wa Mombasa, mtihani haumhusu mke wake, kwa sababu Mreno amehama na analindwa na sheria ya Ulaya, na Mjerumani hakutoka kwao. Ndiyo maana kuna Wadenmark waliovuka daraja kwenda kuishi Malmö, Sweden, ili waweze kukaa na wenzi wao huko, baada ya nchi yao mwaka 2002 kuzuia wenzi kuungana kabla wote wawili hawajafika umri wa miaka 24.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloniwasha kuliko yote. Katika miezi ya kusubiri, kila kitu cha mwombaji kinaning'inia kwa mwenzake: hati yake ya usajili, karatasi zake za mshahara, kukubali kwake kwenda dirishani. Mume mwenye nia mbaya hahitaji kuinua mkono, inamtosha kusema, "Nitaandika barua waliondoe ombi lako." Ibara ya 13 inamlinda aliyeachika kama ndoa ilidumu angalau miaka 3, mmoja wapo katika nchi hiyo, na inamlinda pia aliyenyanyaswa ndani ya ndoa. Lakini mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba raia wa Ulaya akihama nchi kabla kesi ya talaka haijafunguliwa, mwenzi aliyebaki hawezi kujishikiza kwenye kinga ya aliyeachika. Kwa hiyo mume anaweza kufunga begi na kuondoka na haki ya mkewe. Kila mwezi ambao ofisi inauongeza kimyakimya juu ya ile sita, inamwongezea mtu wa namna hiyo fimbo.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Siku ya maombi, mwenzi apewe hati ya muda yenye picha, ambayo mwajiri, mwenye nyumba na shirika la ndege wanaitambua, na inayomrudisha bila viza akisafiri. Mwezi wa 6 ukiisha bila uamuzi, hati hiyo iendelee na nguvu zote za kadi mpaka ofisi itoe jibu kwa maandishi, na serikali ilipe kiasi kilichopangwa kwa kila mwezi inaouongeza, bila mtu kutafuta wakili. Kanuni ya kwamba serikali inawajibika kumlipa aliyeumizwa na uvunjaji wa sheria ya Ulaya ipo tangu kesi ya Francovich ya mwaka 1991. Kilichobaki ni kumwondolea muuguzi wa Tanga mzigo wa kwenda kuidai kwa miaka mahakamani.

Mpaka hapo, walio kwenye foleni leo wasikae kimya kwa kudhani kimya ndiyo adabu. Daini ile karatasi ya maombi siku hiyohiyo, sheria inasema itolewe papo hapo. Kila mnachoambiwa dirishani ombeni kiandikwe. Andikieni SOLVIT, huduma ya bure ya Umoja wa Ulaya iliyowekwa kwa ajili ya ofisi za namna hii. Balozi zetu Brussels, Berlin na Roma zianze kupokea malalamiko haya na kuyapeleka kwa majina na tarehe, badala ya kukumbuka raia wao siku ya sherehe za uhuru. Na siku ya kwanza ya mwezi wa saba, barua ya kudai uamuzi iwe juu ya meza yao, imenukuu ibara ya 10 na kesi ya Diallo, na nakala yake iwe kwa wakili.