Kujitoa AMCOS Kusiwe Adhabu

Mkulima wa miwa wa Kisawasawa, bonde la Kilombero, akitaka kujiunga na AMCOS, chama cha ushirika cha masoko ya mazao, hazungushwi. Anajaza fomu, analipa kiingilio na hisa, anatia saini, shamba linaingia kwenye orodha ya mavuno. Kasheshe huanza akitaka kujitoa. Barua anampelekea katibu, katibu anamtuma kwa mwenyekiti, mwenyekiti anamwambia asubiri mkutano mkuu. Malipo ya msimu yakitoka, anakuta ushuru wa chama umekatwa kama kawaida.

Uanachama wa ushirika ni hiari. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imesimama juu ya msingi huo. Lakini namna ya kutoka imo kwenye masharti ya kila chama, kijitabu ambacho wanachama wengi hawajawahi kukishika.

Viongozi wa vyama nao wana hoja, tena nzito. Muwa si mpunga. Ukishapandwa huvunwa miaka kadhaa, maotea baada ya maotea, na gharama za kulima, mbegu na mbolea mara nyingi ni mkopo unaolipwa taratibu kwa makato. Chama kikikopa, tegemeo lake ni miwa ya wanachama wote. Wakiondoka wengi kwa mkupuo, deni linawaelemea waliobaki. Tena muwa uliochomwa na kukatwa haungoji. Ukichelewa kufika mzanini, utamu unashuka, kwa hiyo wakataji na magari lazima vipangwe mapema.

Nakubali hayo yote. Yanatosha kumzuia mtu asiondoke katikati ya msimu. Hayatoshi kumnyima jibu, wala kuendelea kumkata ushuru wa chama alichokwisha kukiaga. Deni ni kitu kimoja, uanachama ni kingine. Anayedaiwa alipe mpaka senti ya mwisho, ila aambiwe anadaiwa kiasi gani. Karatasi ya malipo inapoonyesha tani, kiwango cha sukari, kisha ukataji, usafirishaji, mkopo na ushuru, lakini haisemi salio la mkopo, mkulima atajuaje kama amebakiza msimu mmoja au mitatu?

Ugumu unazidi kwa sababu soko ni moja. Mwenye mpunga akikosana na mnunuzi wa Kisawasawa, anapakia magunia kwenda Ifakara. Mwenye miwa anatazama upande mmoja tu, kiwanda cha Kilombero. Na upanuzi wa kiwanda hicho, uliolenga kupandisha uzalishaji wa sukari kutoka takriban tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka, unahitaji miwa mingi zaidi ya wakulima wa nje ya mashamba ya kiwanda. Maana yake watu wengi zaidi watatia saini.

Wenzetu wameliona tatizo hili kwenye mikataba mingine. Ujerumani, tangu Julai 2022, kampuni inayouza huduma za kudumu mtandaoni lazima iweke kwenye tovuti yake kitufe cha kuvunjia mkataba. Bondeni kwetu hatuhitaji kitufe. Inatosha Mrajis wa Vyama vya Ushirika avitake vyama vyote vya miwa viandike nyuma ya fomu ileile ya kujiunga: barua ya kujitoa inapokelewa na kugongwa muhuri na nani, uanachama unakoma msimu ukifungwa, salio la mkopo linatolewa kwa maandishi ndani ya siku 30, na hisa zinarudishwa lini. Mkulima asomewe hayo kabla hajashika kalamu.