Frateri naye ajue kupika supu

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Njombe au Makete. Kuanzia Mei hadi Agosti ukungu huchelewa kuondoka, na zipo alfajiri za Juni na Julai ambapo majani ya bustanini huamka meupe kwa jalidi. Katika miezi hiyo hakuna chakula kinachomfaa mtu kama supu nzito iliyopikwa nyumbani, pamoja na mkate uliotoka motoni sasa hivi. Maoni yangu ni haya: kila frateri anayejiandaa kuwa padre aweze kuandaa chakula hicho kwa mikono yake mwenyewe, na walezi walihesabu jiko kuwa mahali pa malezi kama walivyolihesabu darasa.

Najua wapo watakaocheka. Watasema seminari ina wapishi wanaolipwa, padre atapikiwa na masista au na akina mama wa parokia, na ratiba ya masomo imejaa. Hoja ya ratiba ina uzito. Falsafa haisomwi kwa robo saa huku mtu anamenya viazi. Hizo nyingine hazinishawishi. Mpishi wa parokia naye hufiwa, huugua, huenda shambani. Padre aliyebaki peke yake na chai na mkate wa duka hana la kumpa mgeni anayebisha hodi saa moja jioni akitetemeka. Tena mtu ambaye hajawahi kukaa saa tatu na sufuria jikoni huwa mwepesi wa kulalamikia chakula na mzito wa kusema asante.

Mtakatifu Benedikto aliliona hilo zamani. Katika Kanuni yake ya karne ya 6, sura ya 35, aliagiza ndugu watumikiane kwa zamu jikoni, na asiondolewe mtu isipokuwa mgonjwa au aliyeshikwa na kazi kubwa ya monasteri. Katika sura ya 31 alimtaka mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria iliyoungua nayo imo! Sisi tuliopokea Injili kwa mikono ya Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, tungetarajiwa kulikumbuka hilo zaidi ya wengine.

Sasa supu yenyewe, maana wengi wakisikia neno hilo hufikiria bakuli la asubuhi na chapati pembeni mwa stendi. Hiyo ni nzuri, lakini ninayoisema ni supu ya familia, inayoshiba. Chukua kilo moja na nusu ya mifupa ya ng'ombe yenye uboho, au makongoro, uianzishe katika maji baridi. Ikianza kuchemka engua povu lote, kisha punguza moto na uiache itokote taratibu saa tatu au nne. Maharage robo tatu kilo yawe yamelowekwa usiku kucha, nayo yachemshwe peke yake kwa moto mkali kwanza, hasa yale mekundu, kwani yakipikwa nusunusu huumiza tumbo vibaya. Mifupa ikishalainika tia maharage, viazi mviringo vilivyokatwa vikubwa, karoti, vitunguu na kabichi kidogo. Ponda viazi vichache humo humo ili mchuzi ushikane. Tangawizi, chumvi na limau mwishoni. Viungo vya pakiti sivikatazi, ila aliyeipa mifupa muda wake hatavihitaji. Karibu kila kitu hapo kinalimwa kwetu, na mifupa ni nafuu kuliko nyama ya steki.

Kuhusu mkate: unga wa ngano kilo moja, maji ya uvuguvugu kama mililita 600, hamira kavu vijiko vidogo vitatu, chumvi vijiko vidogo vitatu, sukari na mafuta kidogo. Kanda dakika 10 bila huruma mpaka donge liwe laini na lisishike mkono. Hapa ndipo baridi inapomfundisha mtu subira. Kule Dar es Salaam donge huumuka kwa saa moja. Njombe mwezi wa Juni linaweza kukaa mbili au zaidi, hata ukiliweka karibu na meko na kulifunika kwa kitambaa. Usipokuwa na tanuri, tumia sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, dakika 40 hivi. Ukigonga kitako cha mkate nao ukalia kama ngoma, umeiva. Na nyongeza moja isiyo ya mapishi: jiko la mkaa likimaliza kazi, lisiingizwe chumbani kuwapasha watu joto. Gesi yake haina harufu, na huua watu waliolala.

Kwa frateri, kukanda huko kuna somo lake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu na uliotengenezwa karibuni. Mkate huo hautiwi hamira, lakini ngano ni ile ile, na jasho ni lile lile. Atakayeuinua altareni kila siku ya maisha yake apate walau kujua unavyochosha mabega.

Maandiko yana supu na mkate kwa namna mbili. Katika Mwanzo 25 Yakobo alipika dengu, na kaka yake aliporudi porini na njaa, akampa mkate na dengu baada ya kumfanya aapishe haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Chakula kilikuwa kizuri. Bei ndiyo ilikuwa mbaya. Yohane naye anataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza, sura ya 18, ni usiku wa baridi, watu wanaota moto na Petro anamkana Bwana. Mara ya pili, sura ya 21, ni alfajiri ufukweni, na Bwana mfufuka mwenyewe amepika samaki na kuweka mkate, anawaita wale. Hakumwuliza Petro swali lolote mpaka walipokwisha kula. Mpangilio huo nauona ni wa kichungaji kabisa, na nadhani maungamo mengi katika parokia zetu yangekuwa mepesi zaidi yakitanguliwa na bakuli la moto.

Ndiyo maana napendekeza jambo dogo. Jumamosi za Mei, kabla mafrateri hawajatawanyika likizo kwenda kazi za kichungaji, kila darasa lishike jiko zamu moja pamoja na wapishi wetu, na wapishi ndio wawe walimu. Sufuria iwe kubwa kuliko mahitaji ya bwalo. Kinachozidi kipelekwe kikiwa moto kwa wazee wa jumuiya ndogo ndogo iliyo jirani, wasio na meno ya ugali mgumu wala mtu wa kuwawashia moto. WAWATA wa parokia wanajua nyumba zao zote; waulizwe wao kwanza, maana tukienda wenyewe tutaishia kwenye nyumba zilizo kando ya barabara.

Unga ununuliwe kuanzia Aprili, na hamira iangaliwe tarehe.