Mji Unaokula Watoto ni Mji wa Nani?

Kuna maneno ambayo sisi watu wa pwani tumeyazoea hata hatuyapimi tena. Twasema: chuo kikuu chaharibu watoto. Msichana aliondoka Msangeni, huko Ugweno katika milima ya Upare, amejitanda mtandio wake na juzuu zake kifuani. Baada ya mwaka mmoja wa Dar es Salaam aonekana kichwa wazi. Nasi twatikisa vichwa: mji umemla. Je, mji huo ni nani? Si mimi na wewe?

Hebu tumfuate. Ameteremka mlima hadi Mwanga, akapanda basi kwa njia ya Same, Korogwe na Chalinze, safari ya zaidi ya kilometa 400. Chuo cha Mlimani kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Leo wanafunzi ni maelfu na vitanda havitoshi. Wenyewe wana neno lao, kubebana: mwenye chumba kumlaza mwenziwe kwa siri. Asiye na wa kumbeba hutoka kutafuta chumba Changanyikeni, Sinza au Mabibo, na hapo ndipo anapokutana na sisi.

Mwenye nyumba, ambaye kila Ijumaa yuko safu ya mbele, amwambia alete kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima. Fedha za Bodi ya Mikopo hazijatoka. Babake ni mkulima wa migomba na kahawa. Atazipata wapi? Yuko mtu atakayejitolea kumlipia, na kila mtu mzima anajua huyo atataka nini baadaye. Kisha sisi tuliomsukuma ndio wa kwanza kumsengenya barazani!

Wengine hulaumu starehe. Haya, kigodoro kilichokesha mtaani kwako juzi, spika zake zilikodiwa na wanafunzi? Walikesha wenyeji, na mwanafunzi alikosa usingizi na mtihani ulikuwa asubuhi. Wala si kila uchangamfu wa mji ni uovu. Mijadala ya Ukumbi wa Nkrumah imewafundisha wengi kufikiri, na Mwislamu hana sababu ya kuogopa kufikiri.

Ama wazee wetu katika dini hawakuwa hivi. Ahlu Suffa walikuwa maskini waliolala kwenye upenu wa msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, wakisoma mchana na usiku, na Masahaba wakiwachukua majumbani kwao kula chakula cha jioni. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira. Pima mwenyewe: ni hadithi ngapi zimetufikia kwa ulimi wa mtu aliyeshibishwa na jirani! Azhar ya Misri ilikuwa na riwaki, wanafunzi wa kila nchi na mahali pao. Na hapa kwetu, Riyadha ya Habib Swaleh pale Lamu ilipokea wanafunzi waliotoka mbali.

Nasikia jibu: nyumba nimejenga kwa jasho langu. Kweli, na hapana aliyekwambia uitoe bure. Pokea kodi mwezi kwa mwezi. Huo nao ni mzigo? Wala sisemi kila mwanafunzi apewe fungu la mwana wa njia katika zaka. Hilo waulizwe masheikh. Nasema sahani moja ya futari haijamfilisi mtu.

Na yule asemaye kuwa mtoto wa kike wa watu nyumbani ni fitina, mkewe akishikwa na uchungu hukimbilia Muhimbili na kudai daktari mwanamke. Daktari huyo, alipokuwa akisoma, alilala kwa nani?