Fundi Apime Kwanza

Pikapu nyingi zinazobeba mazao ya Mbozi kuja Tunduma ni za zamani, na baadhi yake zina injini ya petroli yenye kabureta. Injini hiyo ikianza kutetema gari likiwa limesimama, wako mafundi wanaokimbilia kukaza skrubu ya kabureta ili mlio upande. Ikishindikana, mwenye gari hutumwa dukani. Tabia hii hatuwezi kuinyamazia.

Fundi stadi huchomoa waya za plagi moja moja, kwa koleo lenye mpira, injini ikinguruma. Silinda ambayo ikikatiwa moto mlio haubadiliki, ndiyo yenye ugonjwa. Plagi yake ikilowa oili, huenda ringi zimekwisha, na kabureta mpya haitasaidia kitu. Plagi zote zikiwa na masizi makavu, petroli imezidi hewa. Wala si ajabu kwa gari lililorekebishwa Dar es Salaam, maana hewa ya nyanda zetu ni nyepesi.

Linalotutia hofu zaidi ni bomba la mpira liendalo kwenye sevo ya breki. Likipasuka, hewa huingia, injini ikatetema, na breki zikawa nzito. Kulibana kidogo na kusikiliza kama injini itatulia ni kazi ya dakika moja. Dereva aliyeongezewa mlio tu huushuka Mlima Senjele na shehena yake, asijue kwamba injini ilikuwa ikimwarifu habari ya breki.

Tunawataka wenye gereji wa Tunduma na Vwawa walikague bomba hilo kabla ya kugusa skrubu yoyote.