Noeli Ianzie Nyumbani

Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mahali palipokuwa gereza zama za Rais Banda wa Malawi na palipofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, ambapo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda husikilizana kwa Kiswahili, naona ni wajibu ibada ya Noeli ianze nyumbani kabla ya kanisani: jamaa wote wameketi jamvini, taa i katikati, na mtoto ajuaye kusoma akifungua Mathayo mlango wa 2, asome taratibu jinsi Yusufu alivyoondoka usiku na mtoto na mama yake kukimbilia Misri. Wazee waliokimbia kutoka Kivu, huko Kongo, hawahitaji kufasiriwa habari hiyo. Nanyi ndugu mlioko Lilongwe, msitosheke kutuma fedha. Nendeni mkasome nao.