Pikipiki ya Mzee, Pesa ya Nyumba

Mwezi huu tuache kidogo habari za mitoko na zawadi, tuzungumzie kitu kilichoegeshwa kwenye mabanda ya wazee wengi kule Nyanda za Juu Kusini: pikipiki ya zamani ya familia. Ile yenye vumbi la miaka, tairi zimelala, kuku wanatagia juu ya siti, na kila mtoto akija likizo anasema, "Hii mimi nitakuja kuifufua."

Kuifufua inawezekana, tena bila kufilisika. Lakini wengi wanakwama mapema kabisa, hata kabla fundi hajashika spana. Wanakwama kwenye maswali mawili ambayo hakuna aliyependa kuyauliza: hii pikipiki ni ya nani, na pesa inatoka mfuko upi?

Chukua Madibira kama mfano. Kwa ramani iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini ukitoka huko unaweza kuelekea Rujewa au ukatokea Mafinga, upande wa Iringa. Ni nchi ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika ulifungua takriban hekta 3,000 kwa wakulima wadogo. Kabla bodaboda hazijajaa kila kona, mwenye pikipiki kwenye vijiji kama hivi alikuwa bwana shamba, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, padri, au mwenye mashine ya kukoboa. Pikipiki hiyo moja ilibeba wagonjwa, magunia na hata maharusi.

Tuseme mzee wako alikuwa mmoja wao. Sasa hayupo tena, au yupo lakini miguu imekataa. Wewe uko Mbeya mjini au Dar, una kazi, una mwenza, kuna kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Moyo unakuambia ifufue. Haya, twende taratibu.

KIKAO KABLA YA SPANA

Kama mzee ameshafariki, pikipiki ni sehemu ya mirathi hata kama haitembei. Kuwa kifungua mimba hakukupi kadi. Familia inakaa kikao, inapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamthibitisha, na huyo ndiye anayeweza kuhamisha umiliki kihalali kule TRA. Kadi ikiwa na jina la marehemu na wewe umeshamwaga mshiko wako kwenye injini, unatengeneza mali ya watu kwa pesa yako. Siku ikianza kunguruma, ndipo utakapojua una ndugu wangapi.

Wa kwanza kuongea naye ni mama. "Shikamoo mama. Nilikuwa nafikiria ile pikipiki ya baba, wewe unaonaje?" Halafu nyamaza, msikilize. Huenda yeye ndiye aliyekaa nyuma ya hiyo siti na mtoto mgongoni miaka yote ile. Huenda anataka itembee. Huenda pia hataki kuisikia tena ikiingia uani wakati aliyekuwa anaiendesha hayupo. Yote mawili ni majibu halali.

Halafu kuna kaka yako anayesema iuzwe chuma chakavu, pesa igawanywe. Usimwite hana utu. Pengine ndiye aliyebeba bili za hospitali wakati wewe ulikuwa chuo. Mpe nafasi aseme, kisha wekeni kwenye karatasi: nani anagharamia, nani anaitunza, na mtu akitaka kuiuza baadaye, wengine watapewa nini. Karatasi moja yenye sahihi za ndugu ni nafuu kuliko miaka mitano ya kutosalimiana msibani.

HALAFU MWENZA WAKO

Hapa sasa ndipo penyewe. Ukimsikiliza mke anayelalamikia pikipiki ya mumewe, mara nyingi halalamikii chuma. Analalamikia pesa inayotoka kimyakimya: leo elfu kumi ya oili, kesho nauli ya kumfuata fundi, keshokutwa "kuna kispea kidogo tu." Mwisho wa mwezi gesi imeisha na hakuna anayejua mkwanja umekwenda wapi. Pikipiki ikishakuwa siri inafanana sana na nyumba ndogo, na mtu ana haki ya kuiogopa.

Dawa yake ni makubaliano matatu, kabla ya kutoa hata shilingi. Kwanza, kiwango cha juu: jumla ya pesa ambayo hamtaivuka hata fundi akilia. Pili, muda. Kama familia inategemea mpunga, panga kazi kubwa baada ya mavuno, pesa ikiwepo, na si wakati wa kulipia vibarua wa kupanda. Kama mnaishi kwa mshahara, gawa kazi kwa miezi, kila mwezi hatua moja. Tatu, nani ataendesha? Usidhani jibu ni mwanaume. Dada zetu wengi wangependa usafiri wao wenyewe wa kwenda kazini, na leseni ya daraja A haiulizi jinsia. Kitu ambacho wawili watakitumia, wawili watakilipia kwa amani.

MWAGA PESA PANAPOOKOA MAISHA

Bahati nzuri kwa wengi ni aina ya pikipiki yenyewe. Ukikuta ni Honda CG125, shukuru. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watumiaji wa nchi zinazoendelea, watu wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kumwaga oili. Wakaipa injini rahisi, ambayo vali zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ya juu. Viwanda vya China vimeiga muundo huo kwa miaka mingi, na ndiyo maana bodaboda nyingi zina injini za ukoo huohuo. Kwa hiyo spea nyingi za ndani zinapatikana hata kwenye duka dogo. Ila nenda na kile cha zamani mkononi mkavipime, maana kufanana si kulingana.

Kama ni Yamaha au Suzuki ya zamani inayochanganya oili na petroli, spea zitakusumbua zaidi. Ulizia Mwanjelwa pale Mbeya, au Kariakoo na Gerezani ukiwa Dar, kabla hujafungua chochote. Spea isipopatikana, ni bora ujue ikiwa bado imefungwa.

Mgawo ninaoupendekeza ni huu. Katika kila shilingi kumi: nne injini na kabureta, tatu breki, tairi na cheni, moja umeme, moja rangi na siti, moja akiba. Vijana wengi wanaugeuza kichwa chini. Wanaanza na rangi ya kung'aa, breki zinabaki zilezile za enzi za Mwinyi.

Injini iliyolala muda mrefu usiipige kiki kwa hasira. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, iache ilale usiku kucha, kisha uizungushe polepole. Ikizunguka bila kukwama, hiyo ni dalili njema. Mwaga oili ya zamani yote. Mwaga na petroli ya zamani pia, kwa sababu ikikaa sana inageuka gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Tanki lenye kutu lisafishe kwa siki na vipande vya cheni, tikisa, suuza, kausha vizuri. Silinda ikiwa imelika, mafundi wa kukereza vyuma mjini wanaweza kuichonga ikapokea pistoni kubwa kidogo. Ulizia kwenye mitaa ya SIDO, Mbeya au Iringa.

Tairi usilitazame kashata tu. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 2304, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2004. Hata kama halijatembea, mpira umeshazeeka, litupe. Na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo. Pedi za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto, kitu kibaya kwa mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Kabla ya kufungua nati yoyote, piga picha kwa simu kutoka kila upande. Weka nati za kila sehemu kwenye kopo lake, andika jina juu. Fundi akihama au akiugua, kazi haifi naye. Na umlipe kwa hatua iliyokamilika. Ukimpa yote mwanzoni, nawe umekuwa kwenye foleni ya wateja wa kuombwa subira.

KUIPAMBA BILA KUIHARIBU

Sasa raha. Siti ya watu wawili iliyoshonwa upya, keria imara, vioo viwili, taa inayoona: hayo yanaipa sura mpya kwa pesa kidogo. Rangi, muulize mama ilikuwa rangi gani siku ilipofika nyumbani. Ukiamua tofauti, kumbuka kadi inaonyesha rangi, kwa hiyo pitia TRA isomeke sawa na chombo. Namba ya chesisi isiguswe kwa msasa wala kufunikwa na rangi.

Usikate chesisi ili ifanane na picha uliyoiona mtandaoni. Ukikata umepunguza nguvu yake, umepunguza thamani, na huwezi kurudisha. Usitoe kizuia kelele cha eksozi. Majirani hawakuitengeneza pamoja nawe, waache walale. Vifaa halisi ulivyovitoa vifunge kwenye gunia uvihifadhi. Mwanao anaweza kuvitaka.

Safari ya kwanza isiwe barabara kuu ya TANZAM katikati ya malori ya Tunduma. Zunguka kijijini, pima breki, kagua oili inapovuja, kaza nati, rudia kesho. Kofia ngumu ziwe mbili kama abiria yupo. Hizo ziingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, si baada ya rangi.

Na kuna familia zitakazofanya hesabu na kuona haiwezekani mwaka huu. Sawa tu. Isafishe, toa betri na petroli, tia oili kwenye silinda, iinue tairi zisiguse ardhi, ifunike mahali pakavu. Chuma kilichotunzwa kinaweza kusubiri. Ada ya mtoto haisubiri.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kumpigia fundi, mpigie mama. Ukimaliza, kaa na mwenza wako, kalamu mkononi, mwandike ule mstari wa kwanza: hatutazidi shilingi ngapi. Mkielewana hapo, injini mtaielewa.

Tukutane mwezi ujao.